Ghala Limejaa

Jumanne, Unyambwa

Nimekiondoa kwenye mfumo kituo cha kununulia alizeti cha Kinyangiri. Bosi alisema kampuni hainunui tena alizeti kule, kwa hiyo nikatuma amri kupitia API, ule mlango wa programu kuagizana, na ile kazi inayojiendesha yenyewe kila alfajiri haitavuta tena uzito wa magunia yaliyopimwa kule kuuingiza kwenye ghala la data, hazina ya namba za kampuni. Jibu likaja hapo hapo: imefanikiwa. Nilidhani nitasikia kitu moyoni, maana ni kwetu. Nikaenda kunywa chai.

Jioni mama akapiga simu kutoka huko huko Kinyangiri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Eti mizani wameibeba. Si wewe ndiye unayeshika ghala huko mjini? Tuwekee basi magunia yetu."

Nimeshamweleza mpaka nimechoka kwamba ghala langu halina mlango wala panya, ni namba tu kwenye kompyuta. Bado anawatangazia majirani kwamba mwanawe ana ghala. Leo hata hasira sikuwa nayo.

"Limejaa, mama."

Akasema, kwa furaha ya kweli kabisa, "Basi tumshukuru Mungu. Kumbe wenzetu wamevuna."