Maharage ya Mzee Diarra

Lafiabougou, Bamako
9 Machi

Mpendwa Shangazi Kalunde,

Shikamoo. Magoti yamepoa? Na mvua imewafikia hapo Tabora, au mnaangalia mawingu tu? Sisi wazima, ila joto la huku, Shangazi, wee acha tu. Modibo yuko Sikasso kikazi, nimebaki na mwanetu Bakary, ambaye sasa ananifika begani.

Nikupe yaliyonikuta. Unakumbuka msiba wa babu, Wazaramo walivyokuja wakalala kaburini, hawataki kutoka mpaka wapewe chochote? Basi na huku utani upo. Ukoo wa mume wangu, akina Traoré, ni watani wa akina Diarra. Jirani yetu Mzee Diarra, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, kila asubuhi alikuwa akimwita Bakary mla maharage, maana hilo ndilo tusi lao kubwa. Mtoto anamjibu, wanacheka, anakwenda zake shule.

Sasa wiki moja wenzake shuleni walikuwa wanamcheka, eti Kibambara chake cha kigeni kama cha mama yake. Nilikuwa nimeshavimba. Asubuhi namsikia mzee, "Wewe mtumwa wangu, njoo unisalimie!" Shangazi, mimi mtoto wa Tabora. Neno hilo kwetu lilipita na minyororo. Najua ni utani, lakini damu ilinichemka. Nikavuka barabara, nikamwambia mbele ya wanagenzi wake kwamba mwanangu si mtumwa wa mtu. Mzee wa watu akaweka mkono kifuani, akaniomba radhi. Nikarudi kifua mbele.

Tangu hapo akawa na adabu tele. "Hujambo, Bakary," basi, anainamia cherehani yake. Mtoto akaanza kupita njia ya nyuma. Juzi akasukuma sahani, akaniambia, "Mama, Mzee Diarra ananisalimia kama mgeni." Akalia.

Iliniuma sana. Mtaa mzima ni yule mzee tu aliyekuwa akimtania kama Traoré halisi, nami ndiye niliyemziba mdomo.

Jana nikapika maharage, nikayaunga kwa karanga kama ya kwako. Bakary akabeba bakuli, mimi nyuma. Akasimama mlangoni kwa mzee, akaita:

"Mtumwa wangu, nimekuletea chakula chako, usije ukanifia na njaa."

Wanagenzi wakainua vichwa. Mzee akafunua, akaonja polepole, akanitazama mimi, si mtoto.

"Hata chumvi hakuna," akasema. "Hawa Traoré hata kuoa hawajui. Huyu mla maharage mwenzao wamemtoa wapi?"

Miaka yote niliyokaa Bamako, Shangazi, watu wananiheshimu mno, na hakuna aliyewahi kunitania. Nilicheka huku machozi yananitoka, mle mle dukani.

Nisalimie Mjomba Kasanda, na Mlekwa na wanawe. Mwenyezi Mungu akutunze, akupe usingizi mwema na magoti ya kutembelea.

Mwanao akupendaye, mla maharage,
Nyamizi