Anayetakiwa na Daktari

Kibokoni, Mombasa, 1966

Mdogo wangu Swabaha,

Baada ya salamu, nakutangazia kwa huzuni kubwa kwamba mahamri yamefukuzwa nyumbani kwangu. Dada yako, mlafi mashuhuri wa mtaa huu, sasa anakunywa chai kwa muhogo.

Sababu ni Mwanaesha, mwanao niliyemlea tangu kuachishwa ziwa. Kukonda kwake kote kulitokana na ngano. Tangu daktari aipige marufuku, ananenepa. Sasa daktari anataka kuwapima wa damu yake, mama kwanza, hata kama huumwi. Nawe ulivyo mwembamba, ukinicheka mimi pipa! Utamezeshwa kimrija cha kuchota kinyama cha utumbo, na usiache mkate kabla ya hapo, ugonjwa usije ukajificha.

Haya nimekuficha mwezi mzima kwa wivu, nikiogopa ukija atakufuata Lamu. Daktari alipouliza mama ni nani, nilisema, "Mimi," nikafungua kinywa tayari kumeza. Akauliza, "Uchungu wa kumzaa ulikushika muda gani?" Mwanaesha akanishika mkono, akasema, "Mwambie kweli, mama." Nikamwambia aliyemzaa yuko Lamu.

Dada yako,
Sheikha