Mbuzi Alipopitia

Mjukuu wangu Mwanasha,

Pokea salamu za Likoni. Sote wazima, na mkono wangu umerudi kazini. Mwandiko usikutishe, ulikuwa mbaya hata kabla ya kiharusi.

Wauliza kama chaweza kurudi. Chaweza. Daktari asema damu iliganda mahali ikasafiri hadi ubongoni, ila wametafuta ilipotoka wasipaone.

Ujanani mwangu, mbuzi wa jirani aliingia shambani akala mihogo yetu. Upenyo hatukuuona. Nikakaa na fimbo pale pale alipokula, shujaa mzima, naye akaingia tena nyuma yangu. Baba akacheka: "Walinda majani yaliyokwisha kuliwa? Maadamu hatujui alipopitia, twende tukaze ua wote."

Basi ndivyo nifanyavyo. Presha na sukari napimwa, moyo wasikilizwa kama wapiga sawa, dawa sikosi, sigara nimeiaga. Chumvi ndiyo iliyobaki kunishika shati. Jana nilimuuliza bibi yako ile achari ya ndimu imekwenda wapi. Akanijibu bila kugeuka, "Mbuzi gani huyo aulizaye?"

Soma kwa amani, mwanangu. Ua una mlinzi.

Babu yako