Mbuzi ya Mama Angèle

Kisangani, Jumatano

Bon, nimenawa mikono, sasa naandika. Tangu vita irudi, Tonton, mujomba yangu, anataka tukimbilie Bafwasende, niache masomo ya kutunza wanyama. Mizigo ameshafunga.

Leo jirani yetu Mama Angèle alileta mbuzi yake kwenye shule. Ilishindwa kuzaa. Mwalimu akaniangalia: "Mukono yako iko mudogo. Ingiza."

Niliogopa sana. Ndani nikagusa muguu moja tu. Ingine ilikunjwa nyuma. Nikainyoosha polepole, nikavuta. Mutoto akatoka, akapiga chafya! Mama Angèle akanikumbatia na damu yote ile.

Jioni nikamwambia Tonton: "Mie nabaki, nimalize masomo."

"Na vita?"

"Hata kwa vita mbuzi inazaa, Tonton."

Tonton akaanza kufungua mizigo.