Kitambaa cha Nane

Mzee Salimu,

Kile kitambaa nilikiacha mimi. Naanza na hilo kabla sijapata mwanya wa kulikwepa, maana najijua: nikianza na salamu nitazungukazunguka mpaka karatasi iishe, kisha nitatia sahihi nikijisifu kwamba nimekuandikia. Miaka miwili nilikuwa nikikupigia simu kwa mtindo huohuo. Nakuuliza hali, nakuuliza joto la Riyadh, nakuuliza kama unga wa ugali unapatikana huko, halafu nakata.

Habari zako nilizipata kwa Haji, yule mlinzi mwenzako wa Unguja. "Kaka, mzee wetu katutoka," aliniambia. Ulikuwa umekaa kwenye kiti chako getini baada ya swala ya alasiri, mpangaji mmoja akakusalimia, hukuitika. Moyo, walisema. Mimi nilikuwa nje ya duka hapa Jeddah nikimngoja madam, mwajiri wangu. Nilipandisha vioo vya gari nikalia kwa sauti. Halafu katikati ya kile kilio nikahisi kitu kingine, na nakuambia kwa sababu nimeamua kukuambia yote: nilihisi nafuu. Nilifikiri, sasa hatajua kamwe. Nilijionea kinyaa, mzee wangu, na mpaka leo najionea.

Unaikumbuka Ijumaa ile. Tulikuwa uani kwenye jengo letu la mtaa wa Bani Malik hapa Jeddah, gari la Kimani boneti juu, lile kuukuu la Kimarekani lenye silinda nane. Kimani alilitegemea kwenda bandarini kwenye ukarani wake, na kwa wiki kadhaa maji yalikuwa yakipungua kwenye rejeta ilhali chini hapadondoki hata tone. Ulichomoa kijiti cha oili, ukaisugua ile oili kati ya vidole, ukasema, "Gasketi ya manifoldi hii. Maji yaingia ndani." Tukaing'oa manifoldi, kile chuma cha juu kinachogawia silinda hewa. Ukayaziba matundu yote ya hewa kwa vitambaa, manne huku, manne kule, ili uchafu usidondoke ndani ya injini. Ndipo ukanifundisha kukwangua gasketi ya zamani kwa kipande cha plastiki, si kwa chuma. Vitambaa ulivihesabu kwa sauti ulipoviingiza, na ulikuwa na desturi ya kuvihesabu tena unapovitoa. Sisi tulikucheka kwamba unahesabu kama mwalimu wa chekechea.

Adhana ikaita ukiwa umeshatoa vinne vya upande wa dereva. Ukanawa mikono kwa sabuni ya unga, ukaniambia, "Usifunge mpaka nirudi. Wanisikia?" Nilikusikia vizuri sana.

Ulipokwenda msikitini tukabaki mimi na Kimani na wenzetu wengine wa jengo, tumeegemea gari. Kimani ndiye aliyeanza: "Mutiso, kwani utakuwa wa kushikia mzee tochi mpaka lini? Funga hiyo kitu twende." Nilikuwa na miaka thelathini na minne, mtu mzima anayeitwa "dereva" kutwa bila jina, na maneno yale yalinichoma. Nikataka ukirudi ukute kazi imekwisha, bolti zimekazwa kuanzia katikati kwenda pembeni kwa awamu tatu kama ulivyonielekeza, useme mbele yao wote kwamba Mutiso ni fundi. Nikatoa vitambaa vya upande wa abiria. Vilikuwa vinne. Nilitoa vitatu. Kimoja kilikuwa kimezama kwenye tundu la nyuma kabisa, pale ambapo mkono lazima ujipinde kuingia, na mimi sikuhesabu. Uliporudi ukauliza, "Na vitambaa?" Nikajibu, "Vyote vimetoka, mzee." Ukacheka, ukanipiga begani, ukaniita fundi.

Kama ingeishia hapo ningekuwa mzembe tu, na mzembe husamehewa. Gari liliwaka likitetemeka, likagonga mara kadhaa, likazima. Ijumaa iliyofuata tulifungua upya. Kitambaa kilikuwa kimenyonywa ndani, kimebana valvu, na valvu imepinda. Ulikitoa mwenyewe kwa koleo. Kilikuwa kipande cha fulana yako ya zamani, kimechanika na kunuka petroli.

Ukaniangalia. Hukuwa na hasira, ulikuwa unauliza tu kwa macho. Na mimi nikasema, nayaandika kama nilivyoyasema: "Mzee, upande huu si uliutoa wewe kabla ya swala?"

Ukaitazama injini. Ukaitazama mikono yako, ukaigeuza. Nilikuona ukijaribu kukumbuka, nikakuona ukishindwa, na neno langu moja tu lingekutoa pale. Ukasema, "Huenda." Kisha ukamgeukia Kimani: "Ni mimi, bwana. Niwie radhi." Kimani hakukuwia radhi. Alikwambia mbele ya watu, "Mzee, si ungesema tu macho imeisha?" Nami nilijifanya natafuta spana chini ya gari.

Hukugusa injini nyingine. Watu walikuja na magari yao Ijumaa mbili tatu, ukawaambia, "Halas, mimi nimezeeka." Ukamwomba kafili wako, yule mdhamini wako wa kazi, uhamisho, ukaenda Riyadh kulinda geti. Wewe, Mzee Salimu! Mtu aliyeweza kusikiliza gari likipita barabarani akasema ni plagi ipi imekufa, ukawa unawafungulia watu geti na kuandika namba za magari yao. Nilikusindikiza mpaka stendi, nikakubebea begi, nikapokea na shukrani zako.

Siku ya maziko nilipanda basi nikaja. Nilifika Batha, kule Riyadh mabasi yanakoshusha, Haji akanichukua mpaka makaburini, na hapo getini nikasita. Nilimwambia Haji kwamba mimi Mkristo, nitasubiri nje. Alishangaa, kwa sababu hakuna aliyekuwa amenizuia. Nilisimama kando ya ukuta mpaka wakatoka. Sikumwaga hata kiganja cha mchanga.

Tulirudi Batha, tukakaa mkahawani, Haji akanikabidhi mfuko wako. Alisema ulikuwa umemwagiza kwamba spana ni za Mutiso. Zilikuwa zimefungwa vizuri, zimepakwa oili. Chini yake kulikuwa na vitambaa vinane, vipya, vimepindwa kingo kwa sindano. Kila kimoja ulikishonea uzi mwekundu mrefu, urefu wa mkono mzima, ili kikiachwa tunduni uzi ubaki nje uonekane. Havikuwa na doa. Ulikuwa umekaa kwenye chumba cha mlinzi ukishona dawa ya kosa ambalo hukulifanya. Nikasukuma kikombe cha chai kando. Haji akadhani ni msiba.

Ungedhani hapo ningebadilika. Hapana. Niliporudi Jeddah, Kimani alikuwa amenunua gari jingine kuukuu, na ugonjwa ulikuwa uleule, gasketi za manifoldi. Nikamfanyia kazi pale uani kwa spana zako na vitambaa vyako. Akauliza, "Hizi kamba ni za nini?" Nikasema ni kazi ya mikono ya Mzee Salimu. Akacheka: "Ah, Mzee Kitambaa! Kumbe alijifunza." Ndivyo wanavyokuita hapa, mzee. Miaka yako yote ya ufundi imekuwa jina hilo moja la kuchekesha. Na mimi nilitabasamu. Mzee wangu, nilitabasamu nikiwa nimeshika uzi wako mkononi.

Kisha Mwanaisha akanipigia kutoka Mombasa. Binti yako ana sauti yako, hata kule kunyamaza kidogo kabla ya swali. Alinishukuru kwa kuwa nawe, eti wewe ulimwambia mimi ni kama mwanao. Halafu akasema kuna jambo linamsumbua. "Baba aliupenda ufundi kuliko kula. Kwa nini aliuacha?" Nikasema labda ni umri. Akasema ulimwambia ni macho. Ndipo akanieleza nisichokijua: kwamba ulikwenda kupimwa Riyadh, daktari akakuambia macho yako ni mazima, ya mbali na ya karibu. Hukumwamini. Ukaenda kwa daktari wa pili, naye akasema hivyohivyo. Ukamwambia Mwanaisha, "Basi kama si macho ni akili. Naanza kusahau." Ukawa unamtaka kila jioni akuulize majina ya jamaa, wajukuu, mitaa ya Likoni, uone kama unayakumbuka. Uliyataja yote bila kukosea, akasema, na bado uliogopa.

Nikamwambia. Nilikuwa nimesimama jikoni kwa madam, ndoo ya kuoshea gari mkononi, nikamwambia yote kama nilivyokuandikia hapa. Hakulia. Kisha akasema, "Baba amekufa akijiogopa mwenyewe." Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza: "Usiniombe mimi. Mimi siwezi kufika alipo. Wewe waweza."

Ijumaa iliyopita niliwaita wote uani nikasema tena. Ilikuwa vigumu kuliko kwa Mwanaisha, kwa sababu walikuwa wakinitazama. Mmoja alitema mate chini akaondoka, na sikumlaumu. Kimani aliweka kikombe chake juu ya boneti. Akasema, "Na mimi nilimwambia vile mbele ya watu." Baadaye alinigongea mlango akauliza basi la Riyadh linaondoka saa ngapi, na kama anaweza kuja.

Basi tunakuja, mzee. Jina lile limekoma hapa, nami kila nitakapofungua injini nitasema ni nani aliyenifundisha, na ni nani aliyemwangusha. Sikuombi unisamehe, kwa sababu jibu lako nalijua, na ndilo linaloniumiza zaidi. Kwaheri, Mzee Salimu. Lala kwa amani, akili yako ilikuwa timamu mpaka saa yako ya mwisho.

Kuna jambo moja tu. Huku makaburi hayaandikwi majina, ni matuta ya mchanga na mawe yanayofanana, na mimi siku ile nilijificha nyuma ya ukuta. Haji anasema safu anaikumbuka, kaburi lenyewe hana hakika. Akishindwa kukutambua, nitaanzia kaburi la kwanza la safu hiyo, nichutame, niseme nilichofanya. Kisha la pili. Kisha la tatu. Nitakwenda hivyo mpaka mwisho wa safu, niwe na hakika kwamba nimekufikia.

Mutiso