Mzee Lebo Hakusahau

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, ila nakusihi usinihurumie haraka mpaka ufike mwisho wa barua.

Mimi ni fundi wa mtandao katika hospitali moja kubwa, mwanamke wa miaka ishirini na tisa, na kazi nilifundishwa na mzee ambaye sote tulimwita Mzee Lebo kwa sababu hakuna waya aliouacha bila kuubandika karatasi yenye jina, hata kikombe chake cha chai kilikuwa na lebo, tulikuwa tunamcheka naye anacheka, na mimi nilimwita baba maana ndiye aliyenishika mkono tangu siku ambazo sikujua hata kushika koleo. Kanuni yake ilikuwa moja tu, kabla hujaigusa swichi, lile sanduku linalogawa mtandao jengo zima, nakili kwanza faili la mipangilio kwenye kompyuta yako, kwa sababu swichi ikilipoteza faili hilo haijui tena waya upi ni wa maabara na upi ni wa wodi.

Mwezi wa tatu alifiwa na dada yake, akaenda kuzika, akaniachia kazi ya kubadilisha programu inayoiendesha swichi kubwa, na mimi nikawa na haraka zangu za kijinga, programu mpya ikagoma kuingia, ikasema nafasi haitoshi, basi nikaanza kufuta mafaili ya zamani moja baada ya jingine bila kuyasoma vizuri na bila kunakili chochote, programu ikaingia, nikaizima swichi na kuiwasha, ikaamka tupu kama imetoka dukani. Nilikuwa nimelifuta faili la mipangilio. Majibu ya maabara hayakufika wodini tangu saa tano asubuhi mpaka jioni, wagonjwa wamejaa kwenye mabenchi, wauguzi wanakimbizana na vikaratasi, na bosi aliponiuliza mbele ya watu faili liko wapi, mdomo wangu ukasema, "Sikulikuta, bosi. Nadhani mzee hakulihifadhi kabla ya kuondoka."

Mzee alikuja jioni ile moja kwa moja kutoka makaburini, viatu vina udongo, akaipanga swichi upya kwa kufuata lebo zake, na alipoulizwa aliniangalia kidogo, akasema, "Kama binti yangu anasema halikuwepo, basi halikuwepo. Nina msiba, huenda nilisahau." Wakamstaafisha kabla ya wakati wake, kiti chake nikapewa mimi.

Wiki iliyopita nilienda kumsalimia, nikakuta lebo kwenye jiko, kwenye mlango, kwenye chupa ya dawa, "zima", "funga", "umeshakunywa?", na mkewe akaninong'oneza jikoni, "Mwanangu, gari ameacha kuendesha. Hata wajukuu hawapeleki tena shule, anasema kichwa kimeanza kumtoka." Nilikunywa chai yao nikaondoka. Nikisema nitafukuzwa kazi, nisiposema nitaendelea kukalia kiti chake. Nifanye nini?

Fundi wa kiti kisicho changu

*

Fundi,

Umeniomba nisikuhurumie haraka, nimekutii. Barua yako nimeisoma mara mbili na mara zote nimekwama kwenye ile chai. Ulikunywa, ukamaliza, ukarudisha kikombe.

Kufuta faili ni ajali ya kazi, na kwa hilo sikugombezi sana. "Sikulikuta" si ajali. Tena hata sasa unadhani ulichomnyang'anya ni kiti. Mwenzangu, kustaafu watu wanazoea. Yule mzee aliwekewa kumbukumbu yake upande huu na neno lako upande ule, akachagua neno lako, na tangu siku hiyo hajiamini hata mbele ya jiko lake mwenyewe. Imeniuma, nakwambia wazi.

Utafukuzwa? Huenda. Mficha uchi hazai, na wewe umeshafika leba bado umejifunika shuka.

Sasa sikiliza. Kesho, kabla ya kwenda kazini, pitia kwake. Anza naye, si bosi, kwa sababu bosi akingoja mpaka mchana hapungukiwi kitu, lakini mzee kila asubuhi anaamka akijipima kichwa. Usibebe zawadi. Machozi yako yaache nje, hayo yanakupunguzia wewe mzigo, si yeye. Mkewe awepo asikie. Mweleze kifundi, hatua kwa hatua, ulifuta nini na kwa nini, ataelewa kuliko mtu yeyote. Ukitoka hapo mwandikie bosi barua, tia saini, ipeleke kwa mkono wako, na nakala ubaki nayo. Hilo la nakala natumaini sasa limekuingia.

Anaweza asikusamehe, na hakuna wa kumlazimisha. Akinyamaza, nyamaza naye. Akikuonyesha mlango, toka taratibu.

Lakini akikufungulia, ukishampa shikamoo, hata kabla hujakaribishwa kiti, mwambie hivi: "Baba, ulilihifadhi. Lilikuwepo. Mimi ndiye niliyelifuta."