Mke Mwenza wa Magurudumu Manne

Mtaa wa Sant'Antonio 9,
Formigine, Modena.
14 Mei 2023

Mpendwa mwanangu Loris,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote, na poleni na baridi inayoanza huko Adelaide wakati sisi ndiyo kwanza tunafungua madirisha. Hujambo? Megan hajambo? Na mgongo wa baba yako Nerio umetulia, au bado anajifanya kijana wa kubeba magunia? Mimi namshukuru Mungu, ni magoti tu yananisumbua ngazini. Baba yako mkubwa Vainer ni mzima, isipokuwa macho, na hayo macho ndiyo yaliyoleta yote ninayotaka kukueleza.

Umeniuliza chini kwa chini, ili yeye asijue, gari la spoti kama lake linakula kiasi gani likikaa na mtu miaka mingi. Unasema umeona moja linauzwa huko, na Megan amenuna. Basi umemuuliza mwenyewe hasa!

Kununua si kitu, mwanangu. Kununua ni siku moja, watu wanapiga makofi, yanaisha. Mimi nimeishi na mke mwenza gereji tangu mwaka wa tisini, tena mke mwenza anayevishwa kuliko mimi. Mkanda wa injini unabadilishwa kila baada ya miaka michache, liwe limetembea au limelala tu, na kuufikia huo mkanda lazima injini yote ishushwe chini. Tairi zinapasuka kwa uzee huku meno yake bado mapya. Hapo hujagusa breki, bima wala kodi. Mwaka mzuri zilitutoka kama euro elfu mbili, na mwaka mbaya sitaki hata kuukumbuka. Kuna kiangazi tulichopanga kwenda baharini, bahari yote ikaishia kwenye klachi. "Hii itadumu, Ivonne," akaniambia, kama vile mimi ningeogelea ndani ya klachi!

Lakini gharama kubwa kuliko zote ilitokana na huruma, na hapa nakuomba unisikilize vizuri. Alipostaafu kazi ya kiwanda cha vigae, Vainer alianza kulionea gari huruma. Kila kilomita aliiona ni pesa. Akaacha kulitoa, akalifunika kwa blanketi la sufu nililopewa na marehemu mama siku ya harusi yangu. Mwaka jana madaktari wakampima macho na kumnyima leseni. Tangu hapo gari halikutoka kabisa, na yeye naye akawa hatoki. Hata ndevu za Jumapili hakunyoa tena.

Mwezi wa pili Dimer, fundi wetu, alikuja kuliwasha. Likakohoa, likamwaga oili sakafuni. Dimer akashika kichwa.

"Vainer, umefanya nini? Hili ni gari au sanamu ya Bikira Maria? Hata Bikira tunamtoa kwa maandamano mara moja kwa mwaka!"

Sili zote, zile mpira za kuzuia oili, zilikuwa zimekauka, petroli imegeuka gundi, mkanda umekakamaa. Injini ikashushwa. Pesa iliyotoka ingeninunulia jiko jipya na makabati yake, na nusu yake ilitokana na tortellini, tambi za kujazwa nyama ninazowakunjia watu wa mgahawani kwa malipo. Sikumlaumu. Ungemwona alivyokaa jikoni siku ile, mikono mapajani, usingemlaumu hata wewe. Aliniambia, "Nikifa leo nakuachia mzigo tu." Nikamwambia aache upuuzi ale.

Kumbe alikuwa na lake moyoni. Bwana mmoja wa Bologna anayeitwa Tonelli, mnunuzi wa magari ya zamani, alikuwa anamfuatafuata. Wakakutana baa, wakashikana mikono, na mzee Athos, rafiki yake wa palepale baa, akaigonga mikono yao kwa kiganja mbele ya watu, kama walivyofanya wauza ng'ombe wa zamani. Unajua kwetu mkono ukishagongwa hivyo mambo yamekwisha. Vainer akarudi nyumbani, akaiangalia supu yangu mpaka ikapoa.

"Nimeliuza, Ivonne. Ijumaa anakuja kulichukua."

Loris, ningepaswa kucheza ngoma! Nililichukia lile gari kwa kila euro, lakini mume wangu nampenda, na niliona wazi kwamba Ijumaa hiyo ataondoka yeye pamoja nalo, aniachie mzee wa kukaa kwenye kiti tu.

Sasa, kadi ya gari ina jina langu. Tulipolinunua, bima ilikuwa nafuu kwa jina langu kwa sababu sikuwahi kugonga hata kuku, na waume wengi wa hapa walifanya hivyohivyo kisha wakasahau. (Wewe ukinunua la huko, liandikishe kwa jina la Megan. Atanuna kidogo.) Alhamisi niliposikia Tonelli yuko baa, nikaenda na aproni yangu, unga mpaka viwikoni, nikamkuta na kahawa yake.

"Bwana, nisamehe sana, lakini mume wangu amekuuzia mke mwenzangu, yaani lile gari, na mwenye kadi ni mimi. Siuzi."

Baa nzima ikaangua kicheko. Athos akasema, "Vainer, kumbe miaka yote umekuwa dereva wa mama!" Tonelli ni muungwana, alicheka na kunibusu mkono, nami baadaye nikampelekea tortellini. Lakini Vainer alikuwa amekaa kwenye kona. Sikumwona nilipoingia. Alisimama, akavaa kofia, akatoka bila kunitazama.

Hakusema nami neno. Nilikuwa nimeliokoa gari na kuvunja neno lake mbele ya rafiki zake, na kwa mwanamume wa rika lake hilo si dogo. Nilimpikia, nikambembeleza, nikalia chooni ili asisikie. Niliogopa nimempoteza kwa njia nyingine.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, nikasema liwalo na liwe. Nikachukua funguo, nikakaa nyuma ya usukani wa lile dude kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Likanguruma, nikaingiza gia, likapiga kelele ya chuma kusagwa mpaka majirani wakachungulia. Nikajaribu tena, kelele ileile. Mlango wa jikoni ukafunguka kwa kishindo.

"Klachi! Klachi, mwanamke! Kanyaga mpaka chini, utaliua!"

Alikuwa na ndala, suruali ya kulalia, nusu ya uso ina povu la kunyolea. Ndiyo, alikuwa ananyoa! Akazunguka gari akilishikashika kama mtu anayetafuta mlango gizani, akafungua, akakaa pembeni yangu.

"Twende. Polepole. Mama wee, polepole!"

Tukapanda mlima mpaka Serramazzoni hivyohivyo, povu likimkaukia shavuni. Njia nzima alinikaripia. "Gia ya tatu! Husikii linavyokuomba?" Sikusikia kitu, lakini nilitia ya tatu. Kule juu nikazima injini. Akatazama bonde ambalo najua halioni vizuri tena.

"Tonelli ataniita mwongo," akasema.

"Na aite."

Akakwangua povu lililomkaukia shavuni. Kisha akasema, "Jumapili ijayo usivae viatu hivyo. Soli nene, huwezi kuisikia klachi."

Nimeshanunua vingine, vyembamba.

Nisalimie Megan, mwambie namwelewa. Nisalimie sana baba yako Nerio na mama yako Marisa. Mungu awalinde barabarani na nyumbani, na awape uzee wa kugombana vizuri.

Ni mimi mama yako mkubwa akupendaye,

Ivonne